Maliasili na Rasilimali: Jiografia na Historia ya Uchumi katika Eneo la Thika na Ruiru

Utangulizi

Swali la uhusiano kati ya jiografia ya nchi na maendeleo yake ya uchumi ni la zamani, na hapa barani Afrika limejibiwa mara nyingi kwa haraka kuliko linavyostahili. Wapo wataalamu wanaodai kwamba umaskini wa bara hili umeandikwa katika ramani yake: pwani yenye bandari chache za asili, mito inayokatwa na maporomoko kabla ya kufika baharini, nchi nyingi zisizopakana na bahari, na hali ya hewa inayolea mbu na mbung'o. Wanauchumi David Bloom na Jeffrey Sachs waliitetea hoja ya namna hiyo kwa takwimu mwaka 1998. Kwa upande mwingine wapo wanaomfuata Walter Rodney, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972, kilichotokana na miaka yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilishikilia kwamba umaskini wa Afrika ni tunda la historia, hususan historia ya biashara ya utumwa na ukoloni. Kundi la kwanza husoma ramani na kuisahau sheria. Kundi la pili husoma sheria, na pengine huusahau udongo.

Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo kwa bara zima. Nia yetu ni ndogo zaidi. Tunataka kulichunguza eneo moja la Kenya, yaani Thika na Ruiru, na kuona jinsi maji na ardhi vilivyoingia katika uchumi wake kwa muda wa miaka mia moja na zaidi. Mtu anayekaa Kamenu, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Thika, anaishi mahali ambapo mito, reli, mashamba makubwa na viwanda vimekutana katika mwendo mfupi. Mahali kama hapo hufaa sana kupimia nadharia.

Iko sababu nyingine ya kuliandika jambo hili katika jarida la lugha. Katika magazeti na katika vitabu vyetu vya shule, maneno mawili, maliasili na rasilimali, hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Lakini maana zake hazifanani. Maliasili ni mali ya asili, yaani kile ambacho binadamu alikikuta: mto, udongo, msitu, madini. Rasilimali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kichwa cha mali, yaani mtaji, mali iwekwayo ili izae mali nyingine. Hoja yetu ni kwamba maliasili haigeuki kuwa rasilimali kwa nguvu zake yenyewe. Ni lazima igeuzwe. Basi swali la msingi katika historia ya uchumi ni hili: nani aliyeigeuza, kwa sheria gani, na kwa faida ya nani?

Ardhi na maji

Thika ipo umbali wa kilomita arobaini na ushei kaskazini-mashariki ya Nairobi, katika mwinuko wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo miteremko ya milima ya Nyandarua inapomalizikia na tambarare za mashariki zinapoanzia. Mito ya Chania na Thika hutoka katika milima hiyo, huporomoka penye ukingo wa nyanda za juu, na kuungana karibu na mji. Kutoka hapo maji yake huelekea mto Tana, ambao huingia baharini Kipini. Mito ya Ruiru na Ndarugu, ingawa chimbuko lake haliko mbali na la hiyo miwili, hufuata njia nyingine: hushuka hadi mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, na kutokea baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya eneo hili hugawanyika, nusu yake ikaelekea upande wa Lamu na nusu upande wa Malindi. Bonde moja na jingine hutenganishwa na kilima ambacho msafiri wa leo hukivuka kwa gari bila hata kukitambua.

Udongo wa sehemu za juu ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano. Mvua ni za misimu miwili, na baridi ya usiku huifanya buni iive polepole. Ukiteremka mashariki kuelekea Makuyu na mlima Kilimambogo, mvua hupungua na udongo hubadilika; huko kahawa haistawi vizuri, ila mkonge hustawi. Thika imekaa penye mpaka wa nchi hizo mbili.

Kabla ya ukoloni mpaka huo ulikuwa na maana yake. Wagikuyu walilima migongo ya vilima, Wakamba walikaa mashariki, na Wamasai walichunga katika mbuga. Palikuwa na vita, lakini palikuwa pia na soko: nafaka, ngozi, mifugo na chuma vilibadilishwa. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Katika uchumi huo maporomoko ya Thika hayakuwa na kazi kubwa. Yalikuwapo, yakaonekana, yakasikika, wala hayakumtajirisha mtu. Wale wanaosema kwamba maporomoko ya mito ni laana ya Afrika kwa sababu yanazuia vyombo kupita wangeweza kuyataja kama ushahidi. Miongo michache baadaye, mitambo ya umeme ilipofika, maporomoko yayo hayo yakahesabiwa kuwa baraka. Mto haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ufundi wa watu waliokuja kuutazama.

Sheria na reli

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Njia ya kwenda Fort Hall, mji ambao sasa ni Murang'a, ilivuka mito ya Chania na Thika, na hapo katikati ya maporomoko mawili hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka 1908. Mwaka 1913 tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika. Mzigo wa mkonge au wa kahawa ulioandaliwa hapo sasa ungeweza kwenda bandarini Mombasa pasipo kubebwa kichwani wala kukokotwa na maksai.

Lakini kabla ya reli kulikuwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali ya kikoloni kuwagawia walowezi ardhi, na ile ya mwaka 1915 ikawaruhusu kukodishwa kwa muda wa miaka 999. Nyanda za juu zilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alitozwa kodi ya nyumba, na tangu kuanza kutumika kwa kipande karibu mwaka 1920, mwanamume aliyetoka katika hifadhi ya kabila lake alilazimika kukivaa shingoni. Kodi ilimsukuma atafute fedha. Kipande kilimfunga kwa mwajiri. Hivyo ndivyo mashamba ya Thika na Ruiru yalivyopata nguvu-kazi.

Jambo linaloonyesha wazi zaidi uzito wa sheria ni lile la kahawa. Shamba la kahawa linahitaji mto, kwa sababu buni hukobolewa, huchachishwa na kuoshwa kwa maji mengi. Kwa hiyo mashamba mengi ya walowezi yalipimwa yakianzia mgongoni mwa kilima na kuishia mtoni. Lakini juu ya mashamba hayo, katika nchi ya Gatundu na Gatanga, walikuwako wakulima Wagikuyu waliokuwa na udongo ule ule mwekundu, mito ile ile, na mvua nyingi zaidi. Kama jiografia peke yake ingekuwa inaamua, kahawa ingeanzia kwao. Haikuanzia kwao, kwa sababu serikali haikuwaruhusu. Majaribio ya kahawa ya Waafrika yalianza miaka ya 1930, tena mbali, huko Kisii, Embu na Meru. Katika wilaya za Wagikuyu ruhusa haikuenea kwa upana hadi miaka ya 1950, hususan baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Walowezi walitoa sababu nyingi, kama vile hofu ya magonjwa ya mibuni na wizi wa buni. Sababu isiyotajwa mara nyingi ni kwamba mkulima mwenye kahawa yake mwenyewe hana haja ya kwenda kuchuma ya jirani.

Hapa tunalo karibu jaribio kamili la maabara: udongo mmoja, sheria mbili, na uchumi wa aina mbili kwa muda wa kizazi kizima. Upande mmoja wa mpaka ardhi iligeuzwa rasilimali. Upande wa pili, ardhi iliyo bora zaidi kwa zao hilo ilibaki maliasili.

Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka 1959, kimelieneza jina la Thika ng'ambo. Ni kumbukumbu ya utoto katika shamba la kahawa lililoanzishwa muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwandishi ana jicho kali la mandhari, na wala hafichi upumbavu wa walowezi wenzake. Hata hivyo, katika kumbukumbu za aina hiyo ardhi huonekana kama kitu kilichokuwa kikingoja kutumiwa. Msomaji hapati kuona kwa nini haikutumiwa vilevile na wale waliokuwa karibu nayo.

Viwanda

Umeme wa kwanza wa Nairobi uliotokana na nguvu za maji ulitoka mto Ruiru, mwanzoni mwa karne ya 20. Katikati ya miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikajengwa katika mto Thika, nacho pia kikaunganishwa na mahitaji ya jiji. Tangu awali, basi, nguvu za mito hii zilitumika mahali pengine kabla ya kutumika kwao.

Viwanda vya Thika viliongezeka hasa katika miaka ya 1930 na baada ya Vita Vikuu vya Pili. Sababu zake zafaa kutazamwa kwa makini. Kwanza, zao moja lilivuta jingine. Wakulima Waafrika, waliozuiliwa kahawa, waliruhusiwa kupanda miwati na kuuza magome yake. Magome hayo yalizaa kiwanda cha dawa ya kutengenezea ngozi, na dawa ikaenda sambamba na viwanda vya ngozi. Mananasi yaliyolimwa katika tambarare yalihitaji makopo, na kampuni ya Metal Box ikaja kuyatengeneza. Pili, Wahindi, waliokatazwa kumiliki mashamba katika nyanda zilizotengewa Wazungu, waliweka mitaji yao katika maduka, na kutoka madukani wengine wakaingia katika viwanda vya nguo, mafuta na vyombo. Sheria iliyowanyima ardhi ndiyo iliyosaidia kuujenga mji. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, serikali iliendelea kuvilinda viwanda vya ndani, na katika miaka ya 1970 hata kiwanda cha kuunganishia magari ya Leyland kikafunguliwa hapo. Watu wakauita mji wa Thika Birmingham ya Kenya.

Majina ya mitaa yanaihifadhi historia hii kuliko nyaraka nyingi. Makongeni ni jina linalomkumbusha mara moja msikilizaji wa Kiswahili makonge. Kiandutu, kijiji kikubwa cha wanyonge, ni jina la Kigikuyu linalomaanisha mahali pa funza. Tena kuna mtaa unaoitwa Landless, yaani wa wasio na ardhi. Zao, maradhi na ukosefu wa shamba: majina matatu ya mji uliozungukwa na ardhi iliyo miongoni mwa zile zenye rutuba kubwa zaidi nchini. Mtafiti wa isimu akiyakusanya majina ya namna hiyo kote nchini, atakuwa amemsaidia sana mwanahistoria wa uchumi.

Maporomoko ya Thika na ya Jinja

Pengine msomaji atasema kwamba, sheria ziwe zilivyokuwa, bila maporomoko Thika isingekuwa mji wa viwanda. Ili kulipima dai hilo yatupasa kuutazama mji mwingine wa maporomoko, nao ni Jinja nchini Uganda. Hapo mto Nile unatoka katika ziwa Viktoria kwa nguvu ambazo Chania na Thika haziwezi hata kuzikaribia. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, nalo likavuta kiwanda kikubwa cha nguo na kinu cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Tangu miaka ya 1950 Uganda iliweza hata kuiuzia Kenya umeme. Kwa kipimo cha maliasili Jinja ilikuwa mbele sana.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na miaka iliyofuata ilikuwa ya vita, ukosefu wa vipuri na ukosefu wa fedha za kigeni. Viwanda vya Jinja vikadidimia kimoja baada ya kingine. Maji ya Nile hayakuacha kuanguka hata siku moja. Thika nayo ilionja machungu ya namna nyingine katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na nguo za mitumba zikafurika. Viwanda vya nguo vikapunguza watu, na vingine vikafunga milango. Wakati huo pia mito ilikuwa ikitiririka kama kawaida. Miji hii miwili inatufundisha kwamba mto waweza kukipa kiwanda mahali pa kusimama, lakini hauwezi kukisimamisha.

Mkonge unatupa funzo la upande wa pili. Katika miaka ya 1960 Tanganyika, na Tanga hasa, ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza dunia nzima. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, bei ikaanguka, na matatizo ya uendeshaji baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 yakaongezea. Udongo wa Tanga haukuchoka kwa ghafla. Thamani yake iliamuliwa katika viwanda vya mbali. Rasilimali yaweza kurudi kuwa maliasili tupu.

Maji na ardhi leo

Mabadiliko ya wakati wetu katika eneo la Thika na Ruiru yanahusu vitu vile vile viwili tulivyoanza navyo. Tuanze na maji. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, lakini maji ya eneo hili yamejengewa mkondo mwingine. Bwawa la Sasumua, katika vyanzo vya Chania, lilikamilika mwaka 1956. Bwawa la Ndakaini, katika mto Thika, lilikamilika mwaka 1994, nalo huweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka huko, husafishwa Ng'ethu, na kupelekwa jijini kwa mabomba. Hatusemi kwamba Nairobi isipewe maji. Mamilioni ya watu hawawezi kunywa hoja. Tunasema kwamba maji hayo yana bei, na kwamba hesabu ya bei hiyo kwa wilaya yanakotoka haijafanywa kwa uwazi.

Ardhi nayo imegeuka. Kenya ilizalisha karibu tani 130,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka, na uzalishaji wa nchi ukashuka hadi chini ya nusu ya kiwango hicho. Kisha barabara kuu ya Thika ikapanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, na mwendo wa kwenda Nairobi ukafupika. Mwenye shamba la kahawa Ruiru akajikuta na mibuni isiyolipa juu ya ardhi inayotamaniwa. Kwa hesabu yake mwenyewe hakukosea alipoing'oa na kukata viwanja. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na karibu watu nusu milioni, karibu mara mbili ya watu wa mji wa Thika. Mji mpya kama Tatu City unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Ni kinaya kwamba kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, na kwamba aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ili kushinda chulebuni na kutu ya majani inaitwa Ruiru 11. Jina la mji litabaki katika mashamba ya watu wengine hata mibuni ya Ruiru yenyewe itakapokwisha.

Je, ploti ni rasilimali? Nyumba inayokaliwa na wafanyakazi ni rasilimali bila shaka. Lakini kiwanja kilichozungushiwa seng'enge, kikingoja bei ipande, hakizai kitu. Kinamwongezea mwenyewe utajiri pasipo kuiongezea nchi hata gunia moja. Tena udongo mwekundu uliojengewa zege haurudi kulimwa. Mkonge ulipoanguka Tanga, ardhi ilibaki na ikaweza kupandwa kitu kingine. Ardhi iliyojengewa haina nafasi hiyo ya pili.

Hitimisho

Tumeona kwamba jiografia ya Thika na Ruiru iliweka mipaka na ikafungua nafasi: hapangekuwa na kahawa bila udongo mwekundu, wala Ndula bila maporomoko. Wanaoipuuza ramani wanakosea. Lakini tumeona pia kwamba udongo mmoja ulizaa uchumi wa aina mbili kwa sababu ya sheria mbili, na kwamba maporomoko ya Jinja, yaliyo makubwa zaidi, hayakuvilinda viwanda vyake. Wanaoifanya ramani kuwa hatima wanakosea zaidi, maana kosa lao huwaondolea wenye madaraka wajibu wa kujibu.

Sisi wenye kufundisha lugha tunaweza kuanza na jambo dogo: kulitenga neno maliasili na neno rasilimali katika vitabu vyetu na madarasani mwetu. Mwanafunzi aambiwapo kwamba nchi yake ina rasilimali nyingi, ilhali tunachomaanisha ni kwamba ina mito na udongo, tunampa faraja isiyo na msingi. Afadhali aambiwe kwamba ana maliasili, kisha afundishwe kuuliza nani ameishika, kwa hati gani, na faida yake inakwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa Kamenu anayavuka maji ya Chania kila aendapo kaskazini, na barabarani anapita penye viwanja vilivyokuwa mashamba. Daftari la vitu hivyo viwili halijaandikwa kwa lugha anayoielewa, na kuliandika ni kazi yetu.